Goma: Milimita tatu kati ya karo na karo, mwanya mdogo unaolinda sakafu ya nyumba

Katika nyumba nyingi mpya za Goma, Bukavu na Uvira, mwenye nyumba anapoingia kukagua kazi ya fundi wa makaro, jambo la kwanza analolitazama ni mistari. Akikuta makaro yamegusana hadi wembe haupiti, anafurahi na kulipa. Akikuta mianya inayoonekana kwa macho, ananung'unika kwamba kazi si safi, na wengine hufika mbali zaidi: wanamshuku fundi kuwa ameachanisha makaro ili abaki na makartoni mawili ya kupeleka kwake.

Ukweli wa kazi hii uko kinyume. Sakafu iliyobanwa bila mwanya ndiyo inayoharibika mapema, na mara nyingi inaharibika kwa namna ya kutisha. Mwaka wa kwanza au wa tatu, bila mtu kuigusa, makaro mawili katikati ya saloni yanainuka na kuegemeana kama paa la nyumba. Wakati mwingine yanapasuka kwa mlio mkavu. Katika mji kama Goma, usiku, anayesikia mlio huo wa kwanza hafikirii makaro. Analala chini kwanza, halafu asubuhi ndipo anapoona kilicholia ni sakafu yake mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye nyumba anasema fundi aliiba simenti. Fundi anasema makaro yalikuwa mabovu. Muuzaji wa kenkayeri anasema aliyauza yakiwa mazima. Kesi inaishia kwa mkubwa wa avenyu, ambaye hana kifaa cha kupima lolote, na kwa kawaida anawaambia wagawane hasara. Hakuna kati yao anayeuliza swali lililo rahisi kuliko yote: kati ya karo na karo, na kati ya makaro na ukuta, kuliachwa nafasi ya milimita ngapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ya feza iliyo chini ya miguu. Familia nyingi za Goma zilianza katika nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, zikajenga ya blok polepole, chumba baada ya chumba, na makaro yakaja mwisho kabisa, baada ya bati, milango na madirisha. Ni feza ya miaka. Karo likishashikana na simenti haliondoki zima. Kulitoa ni kulivunja. Kurudia sakafu moja ni kununua tena makaro, simenti na kole, kulipa fundi mara mbili, na kulala kwa jirani juma zima.

Sakafu haitulii

Watu wengi wanaamini kwamba sakafu ikishakauka imekuwa kama jiwe, haitikisiki tena. Haiko hivyo. Betoni na simenti zinaendelea kunywea kwa miezi mingi baada ya kumwagwa, kadiri maji yanavyotoka ndani yake. Kunywea huko ni karibu nusu milimita kwa kila mita moja, kutegemea maji na simenti iliyotiwa. Kwa saloni yenye mita 8 inafika milimita 4. Karo lililo juu yake limekwisha kupita kwenye tanuru la zaidi ya nyuzi elfu moja, halinywei. Chini panapungua, juu hapapungui, na makaro yanaanza kusukumana.

Kwa upande mwingine, makaro yenyewe hukua. Yakipata joto yanatanuka. Karo la kauri linatanuka karibu sehemu 7 kati ya milioni moja za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Namba hiyo inaonekana kuwa si kitu, lakini ikipigiwa hesabu kwenye baraza ya mita 10 ambayo alfajiri ina nyuzi 15 na saa nane mchana, jua likiwa juu yake, inafika nyuzi 45, matokeo ni zaidi ya milimita 2. Makaro yanayonywa maji, hasa yale mepesi ya ukutani, yanavimba pia kwa unyevu, polepole, kwa miaka. Mahali penye mianya, milimita hizo zinagawanyika kidogo kidogo katika kila mstari na hakuna anayeziona. Mahali pasipo mwanya, zinakusanyika zote, na zinatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni juu tu.

Tofauti za mahali nazo zina maana, na fundi aliyejifunza kazi Goma asidhani ataifanya vilevile Lubumbashi. Goma iko kwenye kimo cha karibu mita 1500, na joto la mwaka halibadiliki sana; ndani ya nyumba makaro hayapati taabu kubwa ya jua. Lubumbashi, katika miezi ya Juni na Julai, usiku unakuwa na baridi kali na mchana joto linapanda, siku ileile. Baraza la huko linafanya kazi ya kutanuka na kunywea kila siku. Uvira na Kalemie kuna joto la ziwa na unyevu. Na huko Uvira maji ya Tanganyika yamekwisha kuingia mara nyingi katika nyumba za kandokando miaka hii ya karibuni. Sakafu iliyolala chini ya maji majuma kadhaa haiwezi kurudi ilivyokuwa.

Bukavu ina shida yake. Milima ya udongo mwekundu wa mfinyanzi inavimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na sehemu nyingine, kama Funu, ardhi yenyewe inateremka kidogo kidogo tangu zamani. Nyumba zinapasuka kuta. Fundi akipita na makaro juu ya ufa wa sakafu bila kuuheshimu, ufa ule utatokea tena kwenye makaro, mahali palepale, kana kwamba ulichorwa kwa penseli.

Na kuna matetemeko. Wakaaji wa Goma hawajasahau juma lililofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, ambapo ardhi ilitikisika mara nyingi mchana na usiku, barabara zikapasuka na watu wakaambiwa wahame. Bukavu inakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Kalemie inakumbuka tarehe 5 Desemba 2005. Isemwe wazi: mwanya wa milimita 3 hauzuii nyumba kuanguka, na hauzuii ukuta kupasuka. Nyumba inalindwa na msingi, nguzo na vyuma. Lakini katika mitikisiko midogo, ambayo ni mingi kuliko ile mikubwa, sakafu yenye mianya na yenye nafasi kandokando ya ukuta inaweza kucheza kidogo na kurudi. Ile iliyobanwa kati ya kuta nne inapokea pigo lote, kwa sababu ukuta ukisogea nusu milimita unaisukuma.

Milimita ngapi basi?

Hakuna jibu moja kwa makaro yote, na hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya kwa mazoea. Kanuni za ujenzi za Ufaransa, ambazo wahandisi wengi wa Congo wamezisoma shuleni, zinakataza kabisa kulaza makaro bila mwanya. Kwa makaro ya kawaida yaliyokandamizwa kwa mashine, ndani ya nyumba, zinataka si chini ya milimita 2. Nje, kwenye baraza na ua, zinataka milimita 5. Kanuni za Marekani zinaingia kwa njia nyingine ambayo fundi anaweza kuitumia hata akiwa hana kitabu: pima makaro yenyewe, tafuta tofauti kati ya karo kubwa na karo dogo, halafu zidisha mara tatu. Hiyo ndiyo nafasi ndogo kabisa inayokubalika. Makaro yakitofautiana kwa milimita 1, mwanya ni milimita 3.

Makaro kutofautiana? Ndiyo, na hili linawashangaza wanunuzi wengi. Karo lililoandikwa 60 kwa 60 kwenye kartoni si lazima liwe na sentimita 60 kamili. Udongo unapochomwa unanywea, na hakuna tanuru linalochoma kila kipande sawasawa. Ndiyo sababu viwanda vinayapanga makaro kwa vipimo baada ya kuyachoma, na kuandika kwenye kartoni namba ya kalibri. Karibu nayo iko namba nyingine ya rangi. Makartoni mawili yenye picha ileile, jina lilelile na bei ileile yanaweza kuwa na kalibri mbili. Ukiyachanganya katika chumba kimoja, mistari itaanza vizuri mlangoni na kufika dirishani imepinda.

Hesabu yake ni ndogo. Safu ya makaro kumi, kila moja likizidi lenzake la safu ya pili kwa milimita 1, inazidi kwa sentimita nzima mwishoni. Penye mwanya wa milimita 3, fundi anapunguza kidogo hapa, anaongeza kidogo pale, na jicho halitambui. Pasipo mwanya hana pa kupunguza. Hapo ndipo anapoanza kusaga pembe za makaro kwa mashine, saa kumi na moja jioni, huku mwenye nyumba akipiga simu kuuliza kazi imefika wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanyika dukani, kabla ya feza kutoka mfukoni. Kwenye kenkayeri za Birere au Kadutu, makaro yanayouzwa yametoka mbali: China, India, na sasa pia viwanda vya Afrika Mashariki, kama vile vya Mkuranga na Chalinze nchini Tanzania, Kajiado nchini Kenya na Kapeeka nchini Uganda. Yamepakiwa na kupakuliwa mara nyingi. Mnunuzi ana haki ya kufungua makartoni matatu au manne, kutoa karo moja katika kila kartoni na kuyasimamisha pamoja juu ya meza. Akipitisha kidole juu ya kingo, ataisikia tofauti. Akiyaweka mawili uso kwa uso, ataona kama yamejipinda katikati. Makaro makubwa na marefu, yale yanayoiga mbao, yana ugonjwa huo zaidi. Muuzaji anayekataza jaribio hilo ametoa jibu tayari.

Makaro marefu yanahitaji neno la ziada. Watu wanapenda kuyapanga kama matofali, mwisho wa moja ukiangukia katikati ya lingine. Kwa kuwa katikati ndipo yalipojipinda zaidi, sehemu ya juu kabisa inakaa karibu na sehemu ya chini kabisa, na mguu unajikwaa. Kwa makaro yenye upande unaozidi sentimita 38, kanuni ya Marekani inataka yapishane kwa theluthi moja tu ya urefu, si nusu. Wale wanaopenda picha za Dubai kwenye simu zao watazame vizuri: makaro yale yaliyokatwa kingo kwa mashine baada ya kuchomwa ndiyo yanayovumilia mstari mwembamba, na hata hayo hayawekwi bila mwanya kabisa. Milimita 2, si sifuri.

Bei ya mwanya

Hofu kwamba mianya inakula feza haina msingi. Chukua saloni ya mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30, na makaro ya 60 kwa 60. Bila mwanya wowote, upande wa mita 6 unachukua makaro kumi kamili, na hilo ndilo linalowavutia wengi: hakuna kukata. Kwa mwanya wa milimita 3, safu hiyo ina mianya 9, jumla milimita 27. Ongeza milimita 5 kila upande kati ya makaro na ukuta, inakuwa milimita 37. Fundi anakata karibu sentimita 4 kwenye karo la mwisho. Basi. Anayetaka kazi nzuri zaidi anasogeza safu nzima ili vipande vya kandokando vilingane, kwa sababu kipande chembamba cha sentimita chache mlangoni kinavunjika upesi na kinaharibu sura.

Idadi ya makaro haibadiliki kwa namna ya kuwafanya watu wagombane. Mita 30 za mraba zinahitaji makaro 84. Ukiongeza moja kwa kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, ni karibu 92, yaani makartoni 23 kama kila kartoni lina makaro manne. Unga wa kujaza mianya yenyewe, kwa karo la unene wa milimita 9, ni kama gramu 145 kwa mita ya mraba. Kwa saloni nzima ni kilo 4 na kitu. Mfuko mmoja wa kilo 5 unatosha. Ukilinganisha mfuko huo na bei ya makartoni 23, na gharama ya kuyang'oa, hakuna cha kubishania.

Kinachogharimu kweli ni muda. Mafundi wengi wa makaro mashariki mwa Congo hawakupita kwenye chuo. Walianza kama wasaidizi wa fundi, wakichanganya mchanga na kubeba maji, hadi siku moja wakapewa mwiko. Wanalipwa kwa mita ya mraba. Anayemaliza haraka anakwenda parseli nyingine. Kuweka misalaba midogo ya plastiki kwenye kila pembe, kupima na nivo, kurudi nyuma kutazama mstari kutoka mlangoni, haya yote yanampunguzia siku. Mwenye nyumba akiwa naye anadai makaro yagusane, kwa nini fundi ajitese? Si haki kumtupia fundi peke yake lawama ambayo nusu yake ni ya aliyemlipa.

Misalaba hiyo inapatikana, ya milimita 2, 3 na 5, na haina bei ya kutisha. Pasipopatikana, mafundi hutumia njiti za kiberiti, ambazo zina karibu milimita 2, au misumari, au vipande vya waya wa umeme. Hakuna ubaya, mradi vyote viwe vya unene mmoja na vitolewe kabla ya kujaza. Msumari ulioachwa chini ya unga utashika kutu na kuchora doa la kahawia ambalo halitoki. Karatasi za kartoni zilizokunjwa, ambazo pia zinaonekana kwenye kazi nyingi, ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu zinanywa maji ya simenti na kunywea kabla karo halijashika. Asubuhi mwanya wa milimita 3 umekuwa 1.

Ukutani na dushini

Ukuta una sheria zake. Makaro ya ukutani ni mepesi, yanakunywa maji zaidi, na mwanya wa milimita 2 unatosha kwa mengi yake. Kosa la kawaida ni kuanzia chini, juu ya sakafu, kwa kuamini kwamba sakafu imenyooka. Haijanyooka, na katika dushi haipaswi kunyooka, kwa kuwa maji yanatakiwa kuteremka kwenda kwenye tundu lake, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Fundi mzuri anapigilia ubao ulionyooka ukutani kwa nivo, anaanza safu ya pili juu yake, na safu ya chini anaikata mwisho kufuata mteremko.

Katika pembe, ambapo ukuta unakutana na ukuta au na sakafu, mwanya unaachwa pia, lakini haujazwi unga wa simenti. Kuta mbili hazisogei pamoja. Simenti iliyo hapo itapasuka ufa mwembamba kama unywele, na maji ya kuoga yatapita kila siku bila mtu kujua, hadi rangi ya chumba cha pili ivimbe na kubanduka. Mahali pale panawekwa silikoni, ile ya kukamua kwenye mrija, ambayo inavutika na kurudi. Ni vivyo hivyo kuzunguka mabomba na chini ya mlango. Katika nyumba za etaji, ambapo dushi ya juu iko juu ya kitanda cha mtu wa chini, jambo hili limekwisha kuwagombanisha wapangaji wengi.

Anayekaa nyumba ya mbao yenye sakafu ya simenti, na ziko nyingi Goma, asijidanganye kwamba kanuni hizi ni za matajiri. Mbao zinavimba na kunywea kuliko ukuta wa blok. Makaro yaliyosukumwa hadi kwenye mbao yatasukumwa nazo. Milimita 5 kuzunguka chumba chote, zikifunikwa na ubao mwembamba wa chini ya ukuta, hazionekani na hazigharimu kitu. Ubao huo, au karo lililokatwa la kupandisha ukutani, unashikiliwa kwenye ukuta tu, usigandishwe na sakafu, vinginevyo nafasi iliyoachwa imefungwa tena.

Kwa vyumba vikubwa, kama kanisa, saloni ya sherehe au duka, mianya ya kawaida peke yake haitoshi. Kila mita 8 hivi ndani ya jengo, na kila mita 5 nje, panatakiwa mstari mmoja mpana zaidi unaojazwa kitu kinachonyumbuka, si simenti. Na pale ambapo betoni yenyewe ilimwagwa kwa vipande viwili na kuachwa nafasi ya kutanuka, nafasi hiyo lazima ipande hadi juu ya makaro. Makanisa mengi yanayojengwa kwa michango ya waumini yanaruka mstari huo kwa sababu eti unaharibu uzuri. Halafu sadaka za mwaka unaofuata zinakwenda kwenye ukarabati.

Mwanya pekee hauokoi kazi mbaya ya chini. Karo linalowekwa juu ya mabonge matano ya simenti, moja katikati na manne pembeni, lina hewa chini yake, hata mistari ikiwa mizuri kiasi gani. Jagi likianguka, linapasuka. Kole inapaswa kutandazwa sakafuni kwa mwiko wenye meno, karo likasukumwa na kugongwa kwa nyundo ya mpira hadi likae lote. Kila baada ya makaro kadhaa fundi anyanyue moja na kutazama mgongo wake: uwe umepakwa wote. Kwingineko watu hugonga makaro kwa sarafu kusikia kama kuna utupu. Mkongomani hana sarafu mfukoni, lakini ufunguo wa mlango au mpini wa kijiko unafanya kazi ileile. Mlio mzito ni mzuri. Mlio wa ngoma ni wa kuulizia kabla ya kulipa.

Betoni mpya nayo ipewe muda. Siku 28 ndizo wahandisi huzihesabu kabla ya kuipima nguvu, na karo likiwekwa kabla ya hapo linakuta sakafu ingali inanywea kwa nguvu. Nani anaweza kungoja siku 28 huku akilipa kodi ya nyumba nyingine? Wachache. Anayeweza kungoja majuma mawili basi angoje mawili, na aache mianya mipana zaidi, milimita 4 au 5. Baada ya kulaza makaro, mianya ijazwe kesho yake, si jioni ileile, na baada ya kufagia vizuri. Wengi hutumia simenti nyeupe iliyochanganywa na maji mengi ili iteleze upesi. Maji hayo yakitoka inabaki na vitundu na kupasuka. Unga uliotengenezwa kwa kazi hiyo ni bora, na uwe mzito kama ugali laini, usukumwe kwa mpira kwa mshazari wa mistari, upanguswe kwa sponji iliyokamuliwa.

Makaro yakiwa yamekwisha kuinuka, si lazima kung'oa chumba kizima siku ileile. Yaliyoinuka yanatolewa, na fundi anagonga yote yaliyozunguka kutafuta yenye utupu. Halafu anakata kwa mashine kandokando ya kuta zote, kufungua nafasi ya milimita 5 ambayo haikuachwa, ili sakafu iliyobaki ipate kupumua kabla ya kurudisha mapya. Kurudisha makaro mapya bila kufungua kandokando ni kuyaandalia nafasi ya kuinuka tena, na mara nyingi yanainuka kwenye mstari wa pili. Ndiyo sababu inafaa kuweka kartoni moja la ziada chini ya kitanda tangu siku ya kununua: miaka miwili baadaye, kalibri ile na rangi ile hazipatikani tena Birere wala Kampala.

Kwa wanaotaka kuepuka ugomvi mbele ya mkubwa wa avenyu, karatasi moja ya daftari inatosha kabla kazi haijaanza. Iandikwe upana wa mianya kwa milimita, sakafuni na ukutani. Nafasi kandokando ya ukuta. Nani ananunua misalaba, unga na silikoni. Na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya kugonga makaro yote kwa ufunguo. Pande zote mbili zitie sahihi. Fundi anayejua kazi yake hakatai karatasi hiyo, kwa sababu inamlinda hata yeye dhidi ya mwenye nyumba atakayekuja siku ya tatu kudai makaro yasogezwe yagusane.